Gitaa kavu dogo: lipi litakaa vizuri mwilini? FS800, APX600, GS Mini, Baby Taylor na la nailoni

Mtu akiingia dukani na kusema anatafuta gitaa kavu la kumfaa mwenye mwili mdogo, muuzaji hutazama ukutani na kushusha lile lenye umbo dogo kuliko yote. "Dada, chukua hili, litakutosha." Nia ni njema, lakini udogo unaoonekana ukutani sio ule ambao bega huuhisi baada ya nusu saa ya kupiga. Yapo magitaa mafupi yenye tumbo nene, yapo marefu yaliyo membamba, na yapo madogo kwa kila kipimo ambayo nyuzi zake zimenyanyuka mno, kiasi kwamba hata fundi wa miaka mingi angechoka kuzibonyeza.

Nafundisha gitaa wanakwaya na vijana, na wengi wanaonijia wameshaambiwa kwamba vidole vyao ni vifupi. Nikiwapima kwa makini, vidole si tatizo. Kinachowaumiza kwanza ni kimo cha nyuzi, yaani jinsi zilivyokaa juu ya shingo. Cha pili ni unene wa mwili wa gitaa pale linapoingia kwapani. Cha tatu ni urefu wa uzi wenyewe, ambao ndio unaoamua vidole vitanuliwe kiasi gani. Upana wa mwili, ambao kila mtu huutazama, unakuja nyuma ya hayo yote. Ulinganisho huu nimeufanya kwa mpangilio huo, na ndiyo maana baadhi ya magitaa yanayosifiwa kuwa "madogo na rahisi" hayatapata sifa hiyo hapa.

Inchi za dukani

Maduka mengi ya Dar es Salaam na Nairobi hutaja gitaa kwa inchi: 36, 38, 40, 41. Namba hiyo ni urefu wote, kuanzia ncha ya kichwa hadi kitako. Yamaha FG800, ambalo wengi hulichukulia kama saizi ya kawaida, lina milimita 1,038, hivyo huitwa la inchi 41. FS800, la familia hiyohiyo, lina milimita 1,021, yaani inchi 40. Kwa hesabu ya duka wametofautiana inchi moja tu, na mnunuzi anaweza kudhani hakuna cha kuchagua hapo.

Yakumbatie yote mawili, ndipo utajua. FG800 lina upana wa milimita 412 sehemu ya chini na unene unaofika 118. FS800 lina upana wa 380 na unene wa 110, na kwa juu, karibu na shingo, linashuka hadi 90. Mkono wa kulia unaopita juu ya gitaa haulazimiki tena kunyanyua bega ili ufike kwenye nyuzi. Mtu mwenye kifua kikubwa, mama mjamzito au mwenye kitambi anaona tofauti hiyo mara moja, kwa sababu kila milimita ya unene inasukuma nyuzi mbali na mwili na kumfanya ainame kuzitafuta. Anayeinama anaumwa mgongo, na anayeumwa mgongo hufanya mazoezi kidogo.

Vipimo vyenyewe ni hivi, vyote kwa milimita. Urefu wa uzi ni ule kutoka kwenye kizingiti, kile kipande cheupe karibu na kichwa ambacho nyuzi hupita juu yake, hadi kwenye daraja, kile kipande kilichobandikwa kwenye ubao wa juu ambako nyuzi hushikiliwa.

| Gitaa | Urefu wa uzi | Unene wa mwili | Upana wa shingo kwenye kizingiti | Nyuzi |
|---|---|---|---|---|
| Yamaha FG800 | 650 | 100–118 | 43 | chuma |
| Yamaha FS800 | 634 | 90–110 | 43 | chuma |
| Yamaha APX600 | 634 | 80–90 | 43 | chuma |
| Taylor GS Mini | 597 | 113 penye unene zaidi | 43 | chuma |
| Baby Taylor | 578 | 86 | 43 | chuma |
| Yamaha JR2 | 540 | 80–90 | 43 | chuma |
| Yamaha C40 | 650 | 94–100 | 52 | nailoni |

Soma mstari wa GS Mini mara mbili. Ni gitaa fupi, linabebeka, lakini tumbo lake ni nene kuliko la FS800 na linakaribia la FG800. Kwa mtu anayeumwa bega au kwapa, GS Mini halitibu kitu. Kwa mtu ambaye shida yake ni kunyoosha vidole, ni dawa nzuri sana. Hizo ni shida mbili tofauti, na ukizichanganya utanunua gitaa la shida ya mtu mwingine.

Kilichokuwa kikubwa zamani

FG800 limefuata umbo la dreadnought, lililopewa jina la manowari ya Uingereza ya mwaka 1906. Kampuni ya Martin ya Nazareth, Pennsylvania, ilianza kulitengeneza mwaka 1916 kwa niaba ya duka la Oliver Ditson, na likaingia rasmi kwenye orodha ya Martin yenyewe mwaka 1931. Kabla ya hapo magitaa yake yaliitwa kwa saizi: 0, 00, na 000 iliyoanza mwaka 1902 na kuhesabiwa kuwa kubwa. Leo 000 tunaliita dogo. Mwili wake una unene wa milimita 105 hivi dhidi ya 124 za dreadnought la Martin, na urefu wa uzi ni 632 dhidi ya 645. Vipimo vya FS800 viko jirani kabisa na hivyo vya 000, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuijengea akiba.

Nalitaja hili kwa sababu watu wazima huona aibu kuomba gitaa dogo, wakidhani wanaomba la mtoto. Saizi ya 000 ni ya mtu mzima, ya kazi kamili, na kwa upigaji wa vidole ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Dreadnought lilipendwa kwa sababu ya besi na sauti kubwa ya kusindikiza waimbaji kwa piki, kile kipande chembamba cha kupigia nyuzi. Apigaye kwa gumba na kidole cha shahada, kama alivyopiga mwanamuziki Mwenda wa Bayeke wa Katanga ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, au kama wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, anahitaji ubao wa juu unaoitikia mguso mwepesi na kila uzi usikike peke yake. Mwili mdogo hufanya hivyo vizuri. Besi haifuniki nyuzi nyembamba.

FG800 au FS800

Hapa uamuzi wangu ni mwepesi. Kama wewe ni mtu mzima, unaanza, huna ugonjwa wa bega, na gitaa litakaa nyumbani au kanisani, chukua FS800. Yote mawili yana ubao wa juu wa mti wa sprusi ulio mzima, si plaiwudi, na bei zake hukaribiana sana. Unachokiacha ni kiasi fulani cha besi na nguvu. Ukisindikiza kwaya ya watu thelathini bila kipaza sauti, FG800 litasikika hadi safu ya nyuma na FS800 litamezwa na sauti za waimbaji. Ukiimba peke yako au na wenzako wawili watatu, FS800 litakupa nafasi ya sauti yako kusikika, na mara nyingi hicho ndicho kinachotakiwa.

Tofauti ya urefu wa uzi, 650 na 634, inaonekana ndogo. Nafasi kutoka kizingiti hadi freti ya tatu (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyopangwa shingoni) ni milimita 103 kwenye FG800 na 101 kwenye FS800. Milimita mbili hizo hazibadilishi maisha ya mtu. Ila uzi mfupi unahitaji mkazo mdogo ili kufikia sauti ileile, na hapo FS800 linapunguza karibu asilimia 5. Ukijumlisha na mwili mwembamba, mwanafunzi huwa anasema tu kwamba "hili limekaa", bila kujua ni kipimo gani kimemsaidia.

GS Mini, Baby Taylor na JR2

Haya matatu huwekwa kapu moja la "magitaa ya safari", ilhali hayafanani.

GS Mini lilitoka mwaka 2010. Urefu wake wa uzi wa 597 unafanya nafasi ya freti tatu za mwanzo iwe milimita 95, yaani nane pungufu ya FG800. Milimita nane vidoleni ni nyingi. Kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya G iliyotandazwa, au ile ya F ambayo kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote kwenye freti ya kwanza, inakuwa kodi ya kawaida badala ya kuwa mlima. Na unene ule niliousema ndio unaolipa sauti iliyoshiba kuliko unavyotegemea ukiliona. Kati ya mafupi yote, hili ndilo ambalo mtu mzima anaweza kuishi nalo kama gitaa lake pekee. Gharama yake ni kubwa: kwa bei zinazotangazwa ng'ambo, ni zaidi ya mara mbili ya FS800.

Kuna jambo kuhusu GS Mini ambalo wauzaji hawalisemi. Kiwandani hufungwa nyuzi nene, za kuanzia .013 (namba hii ni unene wa uzi mwembamba kuliko zote, kwa inchi), kwa sababu uzi mfupi wenye nyuzi nyembamba hulegea na kuyumba sauti. Ndiyo maana baadhi ya watu hulijaribu na kushangaa kwamba gitaa dogo lina nyuzi ngumu. Ukilinunua kwa ajili ya ulaini, badilisha uweke seti ya .012. Linavumilia vizuri, mradi usilipige kwa nguvu.

Baby Taylor lina 578 na unene wa 86 tu. Hili ndilo jembamba kweli na jepesi kweli. Sauti yake ni ya kati na ya juu, besi ni kidogo, na likipigwa kwa piki kwa nguvu hulia kwa ukali. Kwa mtoto wa miaka tisa au kumi anayependa kujifunza ni gitaa zuri mno, na kwa msafiri pia. Kwa mtu mzima kama gitaa la kwanza na la pekee, nalikataa, kwa kuwa atalichoka masikioni kabla halijamchosha mikononi. Martin wana la aina hii pia, linaloitwa Little Martin, lenye urefu wa uzi wa 584. Toleo la LX1 lina ubao wa juu wa sprusi, na mgongo na mbavu za karatasi ngumu iliyoshindiliwa badala ya mbao. Kwa pwani, mgongo huo una faida ambayo nitaifikia.

JR2 la Yamaha, 540, ni la mtoto. Shingo ina upana uleule wa milimita 43, kwa hiyo vidole vya mtu mzima bado vinapenya kati ya nyuzi, lakini freti za juu zinabanana. Mpe mtoto wa miaka saba hadi kumi. Jihadhari na kitu kimoja: kwa kuwa uzi ni mfupi hivyo, nyuzi za .010 zitacheza kama mpira. Seti ya .011 au .012 ndiyo inayoshika sauti.

Jaribio la kapo kabla ya kutoa hela

Huna haja ya kusafiri kutafuta magitaa yote haya ili ujue kama uzi mfupi utakusaidia. Azima gitaa kubwa la rafiki na kapo, kile kibano kinachofungwa shingoni kubana nyuzi zote kwa pamoja. Ukibana kapo kwenye freti ya pili ya FG800, urefu wa uzi unaobaki ni milimita 579, karibu sawa kabisa na Baby Taylor. Ukibana freti ya kwanza ya FS800, unabaki na 598, ambao ni GS Mini. Piga kodi zako zote hapo kwa siku kadhaa. Mkono wa kushoto ukipumua, basi tatizo lako lilikuwa kweli urefu wa uzi, na mafupi yatakufaa. Kama maumivu yako palepale, kwenye bega, kwapani au kwenye kifundo cha mkono wa kulia, basi uzi mfupi hautakusaidia. Tafuta mwili mwembamba.

Kapo ina faida nyingine kwa asiye na hela ya gitaa jipya. Legeza nyuzi zote kwa nusu sauti, kisha bana kapo freti ya kwanza. Sauti inabaki ileile ya kawaida, ila mkazo umepungua kwa karibu asilimia 11, freti zimekaribiana, na kile kizingiti ambacho mara nyingi kimeachwa juu mno kiwandani hakihusiki tena. Wanafunzi wangu wengi wa mwanzo hukaa hivyo miezi ya kwanza, na wengine huishia kutonunua gitaa dogo kabisa.

APX600 kwa wenye bega

Mwili wa APX600 una unene wa milimita 80 hadi 90. Hakuna gitaa la mtu mzima kwenye jedwali lile linalokaa karibu na kifua namna hii. Upande mmoja umekatwa chini ya shingo ili mkono ufike freti za juu, na ndani lina kinasa sauti na kifaa cha kulipangia sauti, hivyo linachomekwa moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa. Kwa mwalimu wa kwaya mwenye bega bovu anayepiga kila Jumapili kupitia spika, nisingetafuta lingine.

Lisipochomekwa, linanong'ona. Hilo ndilo deni la wembamba, na sioni sababu ya kulificha: sebuleni bila umeme, FS800 litalishinda kwa sauti na kwa utamu. Ubao wake wa juu pia ni wa plaiwudi ya sprusi, si mzima. Basi swali ni moja, utapigia wapi zaidi? Kama jibu ni kwenye spika, chukua APX. Kama ni chini ya mwembe na marafiki, rudi kwa FS.

Nailoni: laini vidoleni, pana shingoni

Mtu anayelalamika ncha za vidole kuchomwa huelekezwa kwenye gitaa la nailoni, na ushauri huo ni sahihi nusu. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma za .012 huvuta jumla ya kilo 73 hivi kwenye daraja. Seti ya nailoni huvuta karibu kilo 40. Ncha za vidole zinashukuru siku ya kwanza.

Ila shingo ya C40 ina upana wa milimita 52, tisa zaidi ya yale mengine, na uzi wake ni 650 kamili. Mwenye kiganja kidogo anayehangaika kuufikia uzi mnene wa juu atahangaika zaidi hapa. Kwa huyo yapo ya saizi ya robo tatu, kama Yamaha CS40 lenye urefu wa uzi wa 580, na naona wauzaji hulidharau kwa kuliita la watoto tu. Kwa mwanamke mwenye mkono mdogo anayetaka kupiga kwa vidole, CS40 ni chaguo la maana na la bei nafuu.

C40 lina jambo zuri ambalo jedwali halionyeshi. Shingo yake inaungana na mwili kwenye freti ya 12, wakati FG800, FS800 na GS Mini huungana kwenye ya 14. Shingo inayoungana mapema haitokezi mbali sana nje ya mwili, na mkono wa kushoto hauendi mbali kufuata freti ya kwanza. Ndiyo sababu C40, pamoja na urefu wake wote wa uzi, hukaa karibu na mtu kuliko unavyodhani. Ukikutana na gitaa la chuma la saizi ya 00, au dogo zaidi, lenye shingo ya freti 12, usilipite bila kulishika. Ni nadra huku kwetu, na ni magitaa matamu kwa mtu mwenye mikono mifupi.

Usifunge kamwe nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Nimeletewa mengi yaliyofanyiwa hivyo kwa sababu nyuzi za chuma ndizo zinazopatikana kila duka. Daraja hubanduka, ubao wa juu huvimba, na shingo, ambayo mara nyingi haina chuma cha kurekebisha ndani, hupinda moja kwa moja. Hakuna fundi atakayelirudisha lilivyokuwa kwa gharama inayolingana na thamani yake.

Yale ya inchi 38

Najua wasomaji wengi hawachagui kati ya Yamaha na Taylor. Wanachagua kati ya gitaa la rangi ya bluu na la rangi nyeusi, yote ya inchi 38, yasiyo na jina linalojulikana, yaliyokatwa upande mmoja. Kwa vipimo yanafaa kabisa. Ni membamba, mwili ni mdogo, uzi ni mfupi kiasi. Kama udogo ndio ungekuwa raha, yangekuwa magitaa bora kuliko yote.

Yanaumiza kwa sababu ya kimo cha nyuzi. Basi nenda dukani na kadi nne za benki au za aina hiyo. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Pangilia kadi tatu, uziingize kati ya freti ya 12 na uzi mnene kuliko zote. Zikigusa uzi bila kuusukuma, kimo ni milimita 2.3 hivi, na hilo ni gitaa la raha. Zikiingia nne na bado pana nafasi, kimo kimepita milimita 3, na kwa nyuzi za chuma hapo mwanzaji atateseka. Kwa nailoni kadi tano ni kawaida, kwa sababu nyuzi zake hutikisika kwa upana zaidi. Kisha bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, uangalie juu ya freti ya kwanza: panatakiwa pawe na mwanga mwembamba tu, wa unene wa karatasi. Pakiwa pana, kizingiti kiko juu, na kodi ya F itakuwa adhabu hata kwa mwenye nguvu.

Kimo kinarekebishika. Ule mfupa mweupe uliochomekwa kwenye daraja hutolewa na kusuguliwa chini kwa msasa. Ukiupunguza milimita moja, nyuzi hushuka nusu milimita kwenye freti ya 12. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayejua, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na gitaa lenyewe. Kabla hujalipia gitaa lenye nyuzi za juu, angalia mfupa huo umechomoza kiasi gani. Ukichomoza milimita tatu au nne, pana nafasi ya kushusha. Ukiwa umeshazama karibu sawa na mbao ya daraja na nyuzi bado ziko juu, liache dukani, maana shida iko kwenye shingo. Angalia pia nyuma ya daraja kama limeanza kunyanyuka kutoka kwenye ubao, na chungulia shingo kutoka upande wa kichwa kama mtu anayepima ubao ulionyooka.

Nikilinganisha gitaa la inchi 38 lililoshushwa nyuzi vizuri na FG800 jipya lililotoka kwenye boksi bila kuguswa, kwa raha ya mkono nitachukua la inchi 38. Kwa sauti, hapana. FS800 lililoshushwa nyuzi linayashinda yote mawili, kwa mkono na kwa sikio.

Nyuzi zenyewe

Kabla ya kubadilisha gitaa, badilisha nyuzi. Uzi wa kwanza wa .011 badala ya .012, kwenye gitaa lilelile na sauti ileile, unapunguza mkazo wa uzi huo kwa asilimia 16. Wa .010 unapunguza asilimia 31. Kwenye FG800 na FS800 seti ya .011 ndiyo ninayowawekea wanaoanza, na sauti haipotei sana. Seti ya .010 naitumia kwa wenye maumivu ya viungo tu, kwa sababu ubao wa juu haupati msukumo wa kutosha na gitaa linakuwa na sauti kavu, nyembamba. Kwenye mafupi, kama nilivyosema, usishuke hivyo.

Pwani na bara

Gitaa hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar huwa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Ubao mzima hunywa unyevu, huvimba na kulinyanyua daraja, na nyuzi hupanda. Gitaa ulilolishusha vizuri mwezi wa pili linaweza kuwa gumu masika yakikolea. Dodoma wakati wa kiangazi mambo hugeuka: ubao hukauka, husinyaa, na ukiachwa karibu na dirisha la jua hupasuka. Kwa hiyo anayeishi pwani na hana kabati la kulihifadhi asiuone ubao wa plaiwudi wa APX600 kama kasoro tu. Unatulia. Mgongo wa LX1 nao hautikiswi na masika. Kwa FS800 au GS Mini pwani, liweke kwenye mfuko wake muda wote usipopiga, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvikaushe juani mara kwa mara. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, kwa kuwa chumvi ya hewa na jasho huzila haraka, na uzi wenye kutu unakwaruza kidole kuliko uzi mnene.

Nani achukue lipi

Mtu mzima anayeanza, mwili wa wastani au mdogo: FS800 na nyuzi za .011, lishushwe na fundi hadi kadi tatu. Kwa watu wanane kati ya kumi wanaoniuliza, jibu langu linaishia hapo.

Mwenye vidole vinavyogoma kutanuka, aliyelithibitisha kwa jaribio la kapo na mwenye hela: GS Mini. Asiye na hela hiyo abaki na kapo kwenye FS800, maana nafasi za freti zitakuwa karibu sawa na za GS Mini.

Mwenye bega, kwapa au kifua kinachokataa unene, na anayepiga kwenye spika: APX600. Mwenye shida hiyohiyo lakini anayepiga bila spika ni kesi ngumu zaidi. Kwake mimi huanza na mkanda. Afunge mkanda hata akiwa ameketi, gitaa lipande juu kidogo na shingo ielekee juu, na mguu wa kushoto ukae juu ya kigoda kifupi. Mara nyingi bega hushuka lenyewe na FS800 linatosha. Bega likibaki juu hata hivyo, jembamba litakalofuata ni C40 kama kiganja kinaumudu upana wa shingo, na kama hakiumudu ni CS40.

Mtoto chini ya miaka kumi: JR2 kwa chuma, la nailoni la robo tatu kama ncha za vidole ni laini mno. Akifika miaka kumi na miwili au mitatu, mhamishie FS800 moja kwa moja bila kupitia saizi nyingine katikati. Kwa aliyetoka kwenye JR2, shingo ina upana uleule aliouzoea, milimita 43, kwa hiyo atahitaji kuzoea nafasi za freti peke yake, na kwa umri huo wengi huzizoea ndani ya wiki chache.